Mama ameambiwa moyo wake umeshindwa kufanya kazi, naye ameacha dawa kwa kuwa anajisikia nafuu

Binti Mkubwa (mwanzisha mada):

Ndugu zangu, salaam. Naomba msaada wa mawazo kutoka kwa wenye ujuzi wa magonjwa ya moyo, na pia kwa wale ambao wameuguza au wanaishi na hali kama hii.

Mama yangu ana umri wa miaka 68. Kwa muda mrefu amekuwa na shinikizo la juu la damu, na nakiri kwamba hatukulipa uzito, maana hakuwa akilalamika maumivu yoyote. Miezi minne iliyopita alianza kuchoka kwa kazi ndogo ndogo, akawa anasimama katikati ya ngazi ili avute pumzi, na usiku akaomba mto wa pili, kisha wa tatu, kwa sababu akilala chali alihisi kama mtu anayezama. Miguu ilivimba kiasi kwamba ukiibonyeza kwa kidole, kishimo hubaki. Hospitalini alipigwa picha ya moyo ya mawimbi ya sauti na kupimwa umeme wa moyo, tukaelezwa mambo mawili: kwanza, kwamba moyo wake umeshindwa kufanya kazi na nguvu yake ya kusukuma damu ni asilimia 32, pili, kwamba mapigo yake hayana mpangilio, na hivyo anahitaji dawa ya kuzuia damu kuganda. Alilazwa siku sita, akakojoa maji mengi kwa msaada wa dawa, uzito ukapungua kwa kilo 7, akaruhusiwa kurudi nyumbani na dawa za aina sita.

Wiki mbili zilizopita niligundua kwamba ameacha dawa zote isipokuwa ile ya kupunguza maji, na hata hiyo huinywa siku anayotaka. Nilipomuuliza alinijibu hivi: "Mimi sasa ni mzima, na hizo dawa ndizo zinazonichosha. Isitoshe, kama moyo umekwisha kushindwa, vidonge vitaufanyia nini?" Sikuwa na jibu la kumpa. Tangu juzi vifundo vya miguu vimeanza kujaa tena.

Naomba kueleweshwa: je, neno hilo "kushindwa" lina maana tunayoidhania? Kwa nini mtu mmoja apewe dawa sita kwa ugonjwa mmoja? Ndugu mmoja wa karibu ametushauri tuache dawa ya kuzuia damu kuganda na badala yake atumie aspirini kila siku. Ushauri huo ni salama? Na sisi tunaomtunza tufanye nini nyumbani, zaidi ya kumsihi?

Muuguzi Mstaafu:

Dada, pole sana kwa kuuguza. Nimefanya kazi katika kliniki ya moyo kwa miaka mingi, na nitakujibu kwa kirefu, lakini jambo moja haliwezi kusubiri maelezo: wasiliana na kliniki yake leo, uwaambie wazi kwamba ameacha dawa na kwamba miguu imeanza kuvimba. Usimrudishie dawa zote kwa mkupuo na kwa kipimo kile kile kwa uamuzi wenu. Miongoni mwa dawa zake huenda kuna ile ya kupunguza kasi ya mapigo, kama bisoprololi au kavediloli, ambayo mtu akiiacha kwa muda huweza kuhitaji kuanzishwa tena kwa kipimo kidogo na kupandishwa taratibu, hasa akiwa tayari amejaa maji.

Sasa nije kwenye jina la ugonjwa. Nimeona wagonjwa wakiinamisha vichwa mara tu walisikiapo, kwa sababu kwa lugha yetu kilichoshindwa ni kilichokwisha. Moyo wa mama yako haujasimama wala haujakwisha. Moyo wa mtu mzima hupiga takriban mara 100,000 kwa siku, na mtu akiwa ametulia husukuma kiasi cha lita 5 za damu kila dakika. Wake unaendelea na kazi hiyo, ila haukidhi mahitaji yote ya mwili, hasa anapopanda ngazi au anapolala bapa. Mimi nilikuwa nikiwaambia wagonjwa "moyo uliodhoofika", na bado naamini ni jina la haki zaidi.

Asilimia 32 nayo huwatisha watu bure kwa sababu wanaipima dhidi ya 100, kama alama za mtihani. Kinachopimwa ni sehemu ya damu inayotolewa kwa kila pigo kutoka katika chumba cha chini cha kushoto cha moyo, na hakuna moyo unaokimwaga chumba hicho chote. Moyo wenye afya hutoa kati ya asilimia 50 na 70 hivi. Kwa hiyo mama yuko kwenye nusu, au zaidi kidogo ya nusu, ya uwezo wa kawaida. Tena namba hiyo si hukumu ya kudumu: kwa wagonjwa wengi wanaotumia dawa zao ipasavyo hupanda baada ya miezi kadhaa, na ndiyo maana picha ya moyo hurudiwa.

Ili aelewe sababu ya dawa nyingi, mweleze kinachotokea mwilini. Damu inapofika kwenye figo kwa kiasi pungufu, figo hazijui kwamba tatizo ni moyo. Hudhani mwili umepoteza maji, kwa hiyo huzuia chumvi na maji yasitoke. Wakati huo huo mwili humwaga vichocheo vinavyobana mishipa na kuuharakisha moyo. Kwa mtu aliyejeruhiwa na kupoteza damu, mwitikio huo huokoa maisha. Kwa moyo uliodhoofika ni mzigo juu ya mzigo: maji yanaongezeka, mishipa inabana, na misuli ya moyo inatanuka na kuchakaa mwezi baada ya mwezi.

Hapo ndipo dawa zinapogawanyika katika makundi mawili ambayo mama ni lazima ayatofautishe. La kwanza ni dawa ya kupunguza maji, kama furosemaidi, ambayo matokeo yake huonekana ndani ya saa chache; yeye anaiamini kwa sababu anaiona ikifanya kazi. La pili ni dawa zinazozuia ule mwitikio wa mwili usiendelee kuuchakaza moyo: enalaprili au ndugu zake kama losatani, ile ya kutuliza mapigo niliyokwisha kuitaja, spironolaktoni, na dapagliflozini au empagliflozini, ambazo zilianza kama dawa za kisukari lakini sasa hupewa hata wagonjwa wa moyo wasio na kisukari. Kila moja huziba njia yake, hivyo haziwezi kubadilishana nafasi. Hakuna hata moja kati ya hizi ambayo mgonjwa huinywa asubuhi na kuhisi tofauti jioni, lakini ndizo zinazorefusha maisha, wakati furosemaidi humpa nafuu ya pumzi na uvimbe tu. Mama yako ameacha zile zinazomlinda na kubakiza ile inayompa faraja. Simlaumu, kwa maana inaonekana hakuna aliyemweleza hivyo.

Nyumbani, kifaa ambacho ningekununulia kama ningekuwa karibu ni mizani. Apimwe kila asubuhi baada ya kukojoa, kabla ya kula, akiwa na nguo za uzito ule ule, na namba iandikwe. Lita 1 ya maji ina uzito wa kilo 1, na mwili huweza kuficha lita kadhaa kabla miguu haijaonyesha dalili. Uzito ukiongezeka kwa kilo 2 au zaidi ndani ya siku tatu, hayo si mafuta, ni maji, na kliniki ipigiwe simu siku hiyo hiyo hata kama anajisikia vizuri.

Mwaka wa Tisa:

Dada, mimi si mtaalamu, ni mgonjwa. Nilipata shambulio la moyo nikiwa na miaka 51, sehemu ya misuli ikafa, na nguvu ya kusukuma ikabaki asilimia 28. Leo ni mwaka wa tisa na kipimo cha mwisho kilisoma 43. Naomba umsomee mama sehemu hii, kwa kuwa anapolalamika kwamba dawa zinamchosha anasema kweli, na asipoaminiwa katika hilo hatamwamini mtu katika mengine.

Dawa ya kutuliza mapigo ilinilegeza kwa wiki nne au tano za mwanzo, nikawa kama mtu aliyefungwa mawe miguuni, na kila kipimo kilipopandishwa nililegea tena kwa siku kadhaa. Kisha uchovu ukaondoka, nikawa na nguvu kuliko kabla ya kuianza. Laiti ningeelezwa mapema kwamba kipindi hicho hupita, nisingefikiria kuiacha. Enalaprili ilinipa kikohozi kikavu kisichokoma usiku. Nilivumilia miezi mitatu nikidhani ni mafua, hadi daktari aliponibadilishia dawa nyingine na kikohozi kikaisha. Jambo ninalotaka mama alijue ni kwamba karibu kila kero ina namna ya kurekebishwa, lakini mtu wa kurekebisha hana budi kuambiwa. Hata kukojoa kwa usiku kucha kunakomchosha, kama ndiko, huenda kunatokana na saa anayonywa dawa ya maji; mimi hunywa asubuhi, na dozi ya pili ikihitajika huinywa mchana, kamwe si jioni.

Kosa langu kubwa lilikuwa la dawa ya maumivu. Goti liliniuma, nikanunua diklofenaki dukani bila kutaja ugonjwa wangu wala kuulizwa, nikaitumia siku nane. Nilipanda kilo 4 na nikarudi kulazwa. Baadaye nilielezwa kwamba diklofenaki, ibuprofeni na za jamii hiyo huzifanya figo zishike chumvi na maji, yaani zinafanya kinyume kabisa cha zile tunazopewa. Tangu hapo natumia parasetamoli, na likija tatizo kubwa zaidi namuuliza daktari wangu.

Kwenye chumvi sina maneno mengi: pungusheni nyumba nzima, asipikiwe peke yake. Shirika la Afya Duniani linamtaka mtu mzima yeyote asivuke gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja kidogo cha chai, na sehemu kubwa hujificha katika vyakula vilivyosindikwa viwandani. Baada ya wiki chache ulimi huzoea.

Kuhusu aspirini, mimi nimeitumia miaka yote hii bila tatizo, kwa hiyo pengine ushauri wa huyo ndugu yenu si mbaya sana. Wataalamu watanisahihisha.

Mfamasia wa Zamu ya Usiku:

Nakusahihisha kaka, na nakushukuru kwa kuacha mlango wazi, kwa sababu hapa ndipo watu wengi wanapopoteza usemi na nguvu za upande mmoja wa mwili.

Aspirini yako na dawa ya mama huyu zinapambana na madonge ya aina mbili tofauti. Kwako wewe, mshipa unaolisha moyo ulikuwa na utando wa mafuta uliopasuka, na chembe sahani za damu zikarundikana juu ya jeraha hilo. Aspirini huzuia chembe hizo zisishikane, kwa hiyo inakufaa. Kwa mama, vyumba vya juu vya moyo vinatetemeka badala ya kubana, na damu inatuama katika kifuko kidogo cha chumba cha juu cha kushoto, kama maji yanavyotuama kwenye kona ya mfereji. Damu iliyotuama huganda kwa njia nyingine, ambayo aspirini haiigusi kwa kiasi cha kumlinda. Donge likichomoka huko, njia yake fupi ni kuelekea kwenye ubongo. Mtu mwenye hali hii ya mapigo ana hatari ya kiharusi takriban mara tano ya asiye nayo, na mama huyu anabeba pia umri uliozidi miaka 65, shinikizo la damu na moyo uliodhoofika, na kila kimoja huongeza hatari hiyo. Akibadilisha dawa yake kwa aspirini atabaki na hatari ya kutoka damu, hasa tumboni, huku kinga ya kiharusi ikiwa imemtoka. Kwa kweli hilo ndilo linalonitia hofu zaidi katika habari yako, dada, kuliko uvimbe wa miguu.

Angalia jina la dawa aliyopewa. Kama ni warfarini, damu hupimwa mara kwa mara ili kuona inachelewa kuganda kwa kiasi gani, na kwa hali kama yake namba inayotafutwa huwa kati ya 2 na 3. Ikiwa chini ya hapo hana kinga, ikiwa juu sana anaweza kutoka damu. Watu huambiwa waache mboga za majani kwa ajili ya warfarini, nami sikubaliani na namna hiyo ya kueleza: mboga hizo zina vitamini K inayopunguza makali ya dawa, lakini akila kiasi kinachofanana wiki hadi wiki, kipimo cha dawa hupangwa kulingana na mlo wake. Kinachovuruga ni kula nyingi wiki hii na kuacha kabisa wiki ijayo. Antibiotiki nyingi pia huivuruga, kwa hiyo kila anayemwandikia dawa mpya aambiwe kwamba anatumia warfarini.

Kama ni apixabani au rivaroksabani, hahitaji vipimo hivyo vya mara kwa mara, ila kinga yake hutoweka ndani ya siku moja hivi baada ya kukosa dozi. Wiki mbili za kuacha ni wiki mbili za kutembea bila kinga. Dawa hizi mpya hazifai kwa mwenye vali ya bandia ya chuma wala kwa aliyebanwa sana vali iliyo kati ya vyumba viwili vya kushoto, hali ambayo mara nyingi huachwa na homa ya baridi yabisi ya utotoni, kwa hiyo msibadilishe moja kwa nyingine bila daktari kuangalia vali zake.

Niongeze onyo ambalo Mwaka wa Tisa hakuligusa. Katika kupunguza chumvi, baadhi ya familia hununua "chumvi mbadala" ya madukani. Nyingi kati ya hizo zimetengenezwa kwa potasiamu. Mtu anayetumia spironolaktoni pamoja na enalaprili au losatani tayari ana mwelekeo wa kubakiza potasiamu mwilini, na ikizidi sana moyo waweza kusimama bila dalili ya kutangulia. Ndiyo sababu pia vipimo vya figo na potasiamu havipaswi kurukwa, hasa wiki za mwanzo na kila dozi inapobadilishwa.

Binti Mkubwa:

Ndugu zangu, nimesoma kila mstari, na sehemu za Mwaka wa Tisa nimemsomea mama kwa sauti kama alivyoomba. Alininyamazia muda mrefu, kisha akauliza, "Huyo naye aliwekewa mito mitatu?" Siku hiyo hiyo tulipiga simu kliniki, tukaitwa kesho yake. Uzito wake ulikuwa kilo 66.8, wakati alipotoka hospitalini alikuwa na 63.4. Hakulazwa. Dawa ya maji imeongezwa kwa muda na sasa anainywa asubuhi, ile ya mapigo imeanzishwa upya kwa nusu ya kipimo cha awali, na warfarini amerudishiwa, atapimwa tena Jumatatu. Aspirini tuliyokuwa tumekwisha kuinunua nimeiondoa nyumbani.

Nina maswali mawili ya mwisho. Dalili zipi zisisubiri simu ya kliniki bali zitupeleke hospitali moja kwa moja, hata usiku wa manane? Na je, apumzike tu kitandani? Yeye anataka kurudi kwenye ngazi zake, mimi naogopa.

Muuguzi Mstaafu:

Mpelekeni mara moja akikosa pumzi akiwa ameketi tu, akikohoa povu lenye rangi ya waridi, akizirai, akipata maumivu au mgandamizo wa kifua usiotulia kwa kupumzika, au akitapika damu au kupata choo cheusi kama lami. Kwa wanawake na wenye kisukari shambulio la moyo huweza kuja bila maumivu makali ya kifua, likaonekana kama kichefuchefu, jasho la baridi na uchovu wa ghafla, kwa hiyo msiliite gesi ya tumbo kwa haraka. Uso ukipinda upande mmoja, mkono ukilegea au maneno yakivurugika, tazameni saa na muandike wakati dalili zilipoanza, kwa kuwa dawa ya kuyeyusha donge la kiharusi hutolewa ndani ya saa nne na nusu, na madaktari watahitaji kujua pia kwamba anatumia warfarini na alikunywa lini.

Kuhusu ngazi, asilale kitandani mchana kutwa. Misuli ya miguu ikilegea moyo huzidi kulemewa. Subirini maji ya ziada yatoke kwanza, uzito ukaribie ule wa 63, kisha aanze kwa kutembea mahali tambarare dakika tano au kumi, akiweza kuzungumza sentensi nzima bila kukatisha ili avute pumzi. Maneno yakianza kukatika, apunguze mwendo. Akikaa wiki moja hivyo bila kuvimba, apande ngazi tatu, apumzike, apande nyingine tatu, nawe ukiwa nyuma yake.

Binti Mkubwa:

Leo asubuhi 64.9. Ameiandika mwenyewe.